Kwa Nini Mtaa Wetu Ulinyamaza Jumapili Jioni

Mtaa wa Igusa,
Suginami, Tokyo.
26 Novemba 2013

Mpendwa mdogo wangu Fusae,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Masanobu na watoto wote wa hapo Londrina. Huku baridi imeanza kuuma asubuhi, ingawa mchana jua bado lina huruma kidogo. Goti langu la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza. Kifaa cha masikioni nimekibadilishia betri, kwa hiyo ukipiga simu tena usipaze sauti kama mara ile. Nilisikia hadi kuku wako. Presha ya Masanobu inaendeleaje? Na yale macho yako uliyoambiwa yafanyiwe upasuaji, umefikia wapi? Nijibu habari zako mwenyewe, usinijazie kurasa kwa habari za majirani kama ilivyo desturi yako.

Kahawa uliyotuma imefika salama. Nilipika vikombe viwili. Kimoja nilikiweka mbele ya picha ya Kinue, bila sukari kama alivyoipenda, na kingine nikanywa mimi. Matunda ya mti wa uani nimeyakausha mwenyewe mwaka huu, yakaharibika karibu yote. Aliyekuwa akijua siku ya kuyaanua hayupo tena.

Jumamosi iliyopita tulifanya ibada ya kumaliza maombolezo. Mtawa alikuja mapema, akasoma vizuri wala hakurefusha. Mifupa ya Kinue iliyobaki baada ya kuchomwa sasa iko kaburini pamoja na baba na mama. Shada la maua uliloagiza liliwekwa upande wa kulia, na jina lako liliandikwa bila kosa. Baada ya kutoka makaburini tulirudi nyumbani kula, na karibu mtaa mzima ulikuja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya mazishi uliniuliza kwenye simu kama Kinue aliondoka moyo wake ukiwa umetulia. Nilikujibu ndiyo. Nyumba ilikuwa imejaa watu, nami sikuweza kusema vingine. Ukweli, Fusae, ni kwamba mke wangu aliondoka akiamini kuwa watoto wamemtupa Senkichi, na kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Jumamosi nimejua kwamba haikuwa hivyo hata kidogo. Nitakueleza taratibu, maana usipoelewa mwanzo hutaelewa mwisho.

Wewe ulikuwa umeshapanda meli kwenda Brazili mchezo ule wa katuni ulipoanza kwenye televisheni. Najua mjukuu wako Renan anautazama, lakini yeye anamsikia Senkichi akizungumza Kireno kwa kinywa cha mtu wa huko. Huku, tangu siku ya kwanza hadi mwezi wa pili mwaka huu, Senkichi alikuwa Kinue. Mtoto wa fisimaji anayeishi kwenye mfereji nyuma ya duka la tofu, mwenye duka akamfanya mwanawe. Hakui, haendi darasa la pili, kila Jumapili jioni anapata balaa jipya na kulimaliza kabla ya chakula. Mimi niliyefundisha elimu ya viumbe maisha yangu yote niliwaeleza wanafunzi mara ngapi kwamba mnyama huyo haonekani tena kwenye mito yetu. Mwaka jana serikali nayo ikatangaza rasmi kuwa ameisha. Wanafunzi hawakuniamini. Wanamwona kila wiki, wataaminije?

Kuna jambo moja kwenye mchezo huo ambalo lazima ulishike. Mwisho wa kila kipindi Senkichi anapanda kutoka mferejini, anajikung'uta maji mlangoni, halafu anasema, "Nimerudi." Hakuna anayemjibu. Picha inabaki kwenye ule mlango kwa muda, kimya, ndipo wimbo unapoanza. Wenye busara wameandika makala ndefu kuhusu kimya hicho. Kinue alikuwa akicheka, anasema wachoraji walikuwa wamechoka, na muda wa kipindi haujajaa, basi wakauacha mlango pale. Lakini watoto hawakuweza kuvumilia mtu aseme amerudi asijibiwe. Wakaanza kumjibu wenyewe majumbani, "Karibu nyumbani." Hakuna aliyewafundisha. Wale waliojibu wakiwa na miaka mitano leo ni mababu na mabibi, na wanajibu pamoja na wajukuu, ingawa wakubwa hujifanya wanakohoa.

Mtaa wetu unaukumbuka. Nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani anaweza kukupitishia chupa ya mchuzi wa soya dirishani. Siku za joto madirisha yote huwa wazi, na Jumapili jioni Kinue alikuwa akipanda kwenye roshani ya kuanikia nguo, eti anaanua. Nguo zenyewe alikuwa ameshazianua mchana. Alikuwa akingoja jibu. Kampuni ilimletea takwimu za watazamaji kila mwezi, naye alizitumia kufungia mboga. "Takwimu zinatoka kwa wakubwa," alisema, "na wakubwa wana adabu." Jibu likija kwa nguvu, alishuka akiimba puani. Likilegea, alikuwa akisema, "Leo nilichelewa kuvuta pumzi," na wiki hiyo nzima hakuna aliyeweza kumfariji.

Majira ya baridi yaliyopita daktari aliona uvimbe kooni mwake. Hilo nilikuandikia. Sikukuandikia kwamba baada ya kuambiwa sanduku la sauti lazima litolewe, swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa, "Una watoto? Wanatazama nini Jumapili?"

Katika kazi yao sauti haifi na mwenyewe. Hukabidhiwa. Kampuni ilimtaka mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa. Kinue alikataa, akamtaka binti aitwaye Misuzu Arakida, ambaye miaka yote alikuwa akipewa vijisehemu tu: ndege, muuza magazeti, mtoto wa tatu kwenye foleni. Mkutano ulikuwa mkali. Mwisho Kinue aliwaambia, "Akishindwa, hesabuni nimeshindwa mimi." Wakakubali kwa sababu ya umri wake na ugonjwa wake.

Misuzu alikuja hapa nyumbani wiki chache za mwisho kabla ya upasuaji. Nilikuwa nikiwapikia chai na kujifanya nasoma gazeti. Siku ya kwanza yule binti alisema sentensi moja ya Senkichi, na ilikuwa sauti ya Kinue kabisa, hata nikashusha gazeti.

"Vizuri sana," Kinue alimwambia. "Sasa itupe. Huyo uliyemwiga ni bibi kizee mwenye magoti mabovu."

"Sasa nifanyeje, Bi Kinue?"

"Mtafute mtoto mwenyewe."

"Nimtafute wapi?"

"Ana njaa. Anzia hapo. Umekula mchana?"

"Nimekula tonge la wali, ili tumbo lisingurume kwenye kinasa sauti."

"Hilo ni la kazini. Hapa kwangu njoo na njaa yako."

Basi nikaanza kueleza kwamba sauti ya binadamu inabadilika mtu akiwa na njaa kwa sababu misuli ya tumbo ndiyo inayosukuma pumzi, na Kinue akaniambia, "Mwalimu, kengele imeshalia." Ndivyo alivyoninyamazisha tangu tulipooana. Misuzu alicheka hadi akaziba mdomo, na kicheko hicho hicho ndicho Kinue alichomwambia akitunze.

Baada ya upasuaji aliongea kwa kuandika kwenye ubao wa watoto, ule unaofutika ukivuta kijiti. Mwezi wa nne sauti mpya ilianza kusikika. Tulitazama wawili tu, sebuleni. Kipindi kilipokwisha aliandika, "Ana njaa ya kweli," na alilala vizuri usiku ule kuliko siku zote tangu atoke hospitali. Kwa hiyo elewa, Fusae, hakuwa na wivu na yule binti. Alichotaka kujua ni kama watoto wamempokea.

Joto lilipoingia, alipanda roshani. Nilimsaidia kwenye ngazi. Jumapili hiyo mtaa ulinyamaza. Sikuamini masikio yangu, nikadhani kifaa kimezimika, lakini nilikuwa nasikia maji ya jikoni. Wiki iliyofuata vilevile. Saa ya Senkichi ikikaribia, madirisha yalifungwa moja baada ya jingine, na baadaye yakafunguliwa tena. Hakuna jibu. Hakuna kicheko.

Halafu ikawa mikoba. Zamani nusu ya watoto wanaopita hapa kwenda chekechea walikuwa na picha ya Senkichi begani. Sasa Kinue akiwa amekaa mlangoni aliona mikoba mitupu, isiyo na picha yoyote. Watoto walimsalimia vizuri, wakainama, wakapita haraka. Hata mmoja hakumtaja Senkichi, wakati zamani walikuwa wakimsimamisha njiani kumsimulia vipindi ambavyo yeye mwenyewe alivicheza.

Mimi nilimpa maelezo yangu. Nilimwambia watu sasa wana viyoyozi, kwa hiyo wanafunga madirisha. Nilimwambia watoto wamepungua nchini, na waliopo kila mmoja ana kioo chake kidogo mkononi. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilimsogeza pale pale alipokuwa anaelekea. Aliandika, "Kengele imelia," lakini safari hii hakutabasamu.

Misuzu alikuja na takwimu nzuri kutoka kwa kampuni. Kinue alimshika mkono, akatikisa kichwa kwa furaha, akampa matunda ya kwenda nayo. Binti alipotoka, akaniandikia, "Wanamficha. Naye hajui." Kisha akafuta, akaandika, "Nimewaharibia wawili." Nilimuuliza wawili gani, ingawa nilijua. Alivuta kijiti, ubao ukawa mweupe.

Mwishoni mwa mwezi wa nane aliacha kupanda roshani. Nguo nilianua mimi.

Jumapili ya mwisho ya maisha yake tulikuwa tumemrudisha nyumbani, kama alivyotaka. Saa ilipofika alinyoosha kidole dirishani. Nililifungua. Alikuwa amegeuza sikio upande ule, na mimi nilisimama nimeshika pazia ili lisipigepige. Baiskeli moja ilipita. Mbwa wa jirani yetu Mzee Ogino alibweka kidogo, akanyamaza. Tulingoja hadi muda wa wimbo ukapita. Alinipa ishara nifunge. Hakuandika kitu siku hiyo, wala siku zilizofuata, na Jumamosi asubuhi alikuwa ameshatuacha.

Sasa nikurudishe kwenye chakula cha Jumamosi hii iliyopita. Watu walikuwa wamekunywa kidogo na huzuni imelegea, kama inavyokuwa. Bi Hatsugai, yule mwenye duka la magodoro ambaye ndiye msimamizi wa shughuli za watoto mtaani, alisogea mbele yangu akakaa vizuri kwa magoti.

"Mzee Nakabori, sisi wa mtaa tuna ombi," alisema. "Sasa maombolezo yamekwisha, tunauliza kama watoto wanaweza kumjibu Senkichi kwa sauti."

Nilimwambia sijaelewa.

"Si tulikubaliana tangu siku ile Bi Kinue alipotoka hospitali," alisema. "Mtu amechukuliwa sauti, halafu kila Jumapili aisikie kwa mtu mwingine, na watoto wetu wakiishangilia chini ya dirisha lake? Tungekuwa watu gani sisi? Tukasema, saa ikifika kila nyumba inafunga."

"Mimi nilifunga hadi la chooni," alisema Mzee Ogino wa duka la mchele. "Na joto lile la mwezi wa nane. Mke wangu alitazama kipindi huku miguu yake imo ndani ya beseni la maji."

"Wewe ndiye uliyekuwa kwenye beseni," mkewe alimwambia. "Mimi nilikuwa nakupepea, tena ulilala."

"Nilifumba macho tu."

"Fisimaji mwenyewe alikuwa wewe."

Watu walicheka. Nikauliza, "Na ile mikoba?"

"Kugeuza nje ndani," alisema Bi Hatsugai. "Hilo wazo la mama wa mapacha. Wanageuza kwenye kona pale kabla ya kufika kwenu, wakishapita wanarudisha. Mikoba ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa midomo. Unamwambia mtoto asijibu, anakuelewa vizuri sana, Senkichi akitokea mlangoni anasahau mpaka jina lake. Basi tukawapa mito ya kulalia. Wanaweka mto mdomoni, wanajibia humo humo. Honoka, mwambie babu."

Honoka ni mjukuu wake, anaingia darasa la kwanza mwakani. Alisema, "Mto wangu una meno."

"Una alama za meno," bibi yake alimsahihisha. "Aliung'ata. Mtoto ana furaha, afanyeje?"

"Kila Jumapili?" niliuliza.

"Hata moja hawajaruka. Yule binti mpya ni mzuri, Mzee wangu, niseme tu sasa. Nilijizuia kumsifu binti huyo wakati marehemu alipokuwa hai. Watoto wanampenda kabisa." Kisha akainama karibu, akashusha sauti. "Niambie kweli. Bi Kinue aligundua?"

"Hapana," nilisema. "Hakugundua."

"Basi tulifanikiwa," alisema, akatoa leso na kufuta machozi.

Niliinama, Fusae, hadi paji la uso likagusa mkeka, nikawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Nao wakainama. Ogino akasema si kitu, mtu yeyote angefanya hivyo. Nikawaambia watoto wajibu kama zamani, kwa sauti yote waliyo nayo, na mito irudi vitandani. Honoka akauliza kama na leo anaweza. Bibi yake akamwambia leo si Jumapili.

Juzi, yaani Jumapili, nilipanda roshani peke yangu. Baridi ilikuwa kali. Hakuna mtu mwenye akili anayefungua dirisha mwezi huu, lakini walifungua, nyumba moja baada ya nyingine, kwa heshima yake. Nilimsikia Misuzu waziwazi, kutoka kushoto na kulia, akisema, "Nimerudi." Kisha wakajibu. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani tunao. Sauti ilitoka hadi upande wa kituo cha treni, na wakubwa safari hii hawakukohoa, walijibu. Kwa miaka yote Kinue alipopanda pale, sidhani kama alipata jibu kubwa namna ile.

Nilishuka kabla wimbo haujaanza. Ningependa kukuandikia kwamba nilipata faraja. Sikupata. Nilikaa jikoni na koti langu hadi maji ya chai yakakauka kwenye birika.

Nimefikiri sana la kufanya. Majirani sitawaambia. Walijipika katika joto lile msimu mzima kwa kumpenda, na Bi Hatsugai akijua alichofikiri Kinue dirishani Jumapili ile ya mwisho, hatalala tena. Misuzu atakuja mwezi ujao kuwasha ubani, na najua bado anajiuliza kwa nini mkubwa wake alianza kumtazama kwa huruma. Yeye nitamsimulia habari ya mito na alama za meno, maana ni zake, anastahili kuzipata. Nitamwambia Kinue alisema ana njaa ya kweli, maana hilo nalo alilisema. Zaidi ya hapo nitammiminia chai nyingine.

Lakini mtu hawezi kubeba jambo kama hili peke yake, angalau mimi nimeshindwa. Nimekuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na kwa sababu uko mbali. Neno likiwekwa Londrina halitarudi Igusa. Ukimaliza kusoma, barua hii ichome jikoni. Na ndugu yeyote akikuuliza kama wifi yako aliondoka moyo wake ukiwa umetulia, jibu kama nilivyokujibu kwenye simu.

Nisalimie Masanobu, mwambie chumvi apunguze kweli, si kwa maneno. Msalimie Elza na mumewe, na Renan, na yule mdogo ambaye jina lake la Kireno hunishinda kulitamka. Dada Kikuyo, binamu wa Kinue aliye huko Maringá, mpe salamu zangu za heshima na umwambie jina lake lilisomwa kwenye ibada.

Wazee wetu waliotangulia wakulinde katika nchi hiyo uliyoichagua, macho yako yapone, na mwaka mpya ukukute mezani pamoja na wote unaowapenda.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda kama siku ile alipokushikia mzigo bandarini,

Shigemitsu